Kifungo cha Ntumba

Jumatatu, 4 Machi 1974
Ntumba katapika tena. Chai imetoka, mkate umetoka. Mwaka jana mimba iliharibika, na mtaa wetu mzima wa Dilala, kwa kuwa ulishajua, ukaja kutupa pole. Safari hii mke wangu kaniapisha: kimya mpaka tumbo lenyewe liseme. Nimeapa.

Jumanne, 5 Machi
Muuguzi wetu, Mama Tshiela, katufundisha kuzuia kutapika. Upana wa vidole vitatu kutoka kifundo cha mkono, upande wa ndani, katikati ya kano mbili: hapo unabonyeza kwa kidole gumba. Nimebonyeza. Ntumba kanywa uji na uji umekaa. Niligeuka ukutani nikalia kidogo.

Jumatano, 6 Machi
Nikiwa kazini, nani atabonyeza? Nimeng'oa kifungo cha abakosti yangu, lile koti letu la kizalendo, nikakishonea kwenye utepe wa kitambaa, nikamfunga Ntumba mkononi. Kala bukari, sahani nzima ya ugali. Akili ni mali.

Alhamisi, 7 Machi
Jirani yetu Bilonda kauona utepe bombani. Kauliza ni dawa ya nini. Ntumba karudi na ndoo tupu, akaniambia:
“Tata Mulumba, bakijua, na hii nayo iharibike, mi nitaweka uso wangu wapi?”
Kasema basi atavaa blauzi ya mikono mirefu. Wazo dogo. Mimi nina kubwa.

Jumamosi, 9 Machi
Nimewagawia wanawake wote wa kwaya ya kanisa letu tepe zenye vifungo. Nimesema ndio mtindo wa Kinshasa. Wamezigombania. Sasa nani atajua kifungo kipi ni dawa? Abakosti zangu zote ziko wazi kifuani.

Jumapili, 10 Machi
Kwaya iliinua mikono. Mama Tshiela, akiwa benchi la mbele, akashangaa kwa sauti: tangu lini kwaya nzima ina mimba, hata mjane Mbombo?
Baada ya ibada waume wao walijaa mlangoni kwangu. Kila mmoja alitaka kujua nilijuaje kabla yake. Nilishika koti lisifunguke.
Ntumba akatoka, akasimama mbele yangu.
“Mwenye mimba ni mi peke yangu. Baachieni bibi zenu.”
Wakaondoka polepole, wengine wakimwombea. Ndani alijilaza kitandani. Kaniambia sasa kilichobaki ni kumwomba Mungu idumu. Nimembonyeza mkono mpaka kalala, nami nimeomba kweli.
Tepe zote zimerudishwa. Nimezitazama sana, na kosa nimeliona: niliwasahau wanaume. Wangevaa na wao, nani angeshuku?