Madirisha Mapya ya Svanhild

Jumamosi, 13 Aprili

Nimevua turubai leo. Svanhild wangu! Kipupwe chote amelala juu ya magogo uani kwa klabu yetu ya mashua, na bado ndiye mrembo kuliko mashua zote za ziwa Mälaren. Ila madirisha. Ile plastiki ya pembeni mwa chumba imekuwa nyeupe pepepe. Ukikaa ndani hujui nje ni mchana au umeshakufa.

Gunnel, mke wangu, alikaa ndani na kikombe chake cha kahawa. Akakiweka chini bila kunywa. Dalili mbaya. Kisha akasema, kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba amechoka kunywa kahawa ndani ya ndoo. Siku ya kreni, tarehe 27, mashua zinapoteremshwa majini, atakaa palepale na kikombe chake. Akiona nje, heri. Asipoona, Svanhild anauzwa, na sisi tunanunua karavani, kijumba cha kukokotwa na gari, kama ya dada yake, tukapange foleni ya choo kambini na Wajerumani.

Mimi! Karavani!

Na nani alikuwa amesimama chini ya ngazi, masikio wazi? Torkel. Jirani yangu hapa uani, mwenye mashua inayong'aa mpaka inakera. Akasema, eti kwa huruma, kwamba mambo yakifika huko, mkwewe anatafuta mashua. Huku anampapasa Svanhild ubavuni. Ubavu wa mwenzio, Torkel!

Hauzwi mtu hapa.

Jumapili, 14 Aprili

Dawa ya meno. Ndiyo siri ya mabaharia wa kweli. Nimesugua dirisha la kushoto asubuhi nzima na soksi kuukuu. Ushindi! Likatokea duara safi, upana wa kisosi. Kupitia humo nikamwona Torkel anakula mkate na samaki wa siki. Nikampungia. Hakupunga.

Lakini mkono ukachoka. Mtu mwenye akili hatumii mkono pale penye dawa. Nikachukua chupa ya Gunnel ya kuondolea rangi ya kucha, nikamimina kwa ukarimu. Loo! Plastiki ikang'aa ajabu. Kisha ikaanza kulia. Wallahi ililia, ti-ti-ti, ikajaa nyufa kuanzia ukingo hadi ukingo. Nikasema hili dirisha lilikuwa bovu tangu kiwandani. Nikahamia la kulia. Nalo bovu! Waliotuuzia mashua hii walikuwa matapeli.

Torkel akaja na mkate wake kunieleza kwamba hata mtoto mdogo anajua plastiki haiguswi na dawa ile. Nikamjibu nilikuwa nayaua makusudi, nina mapya. Akauliza mapya gani. Nikamwambia asiwe na haraka, ataona.

Hata mimi nangoja kuona.

Jumatano, 17 Aprili

Nina akili mimi, sijui kwa nini watu hawasemi.

Binamu yangu Birger ni mtunza jengo kwenye ukumbi wa hoki ya barafuni. Msimu umekwisha, wanabadilisha zile kuta za plastiki angavu zinazowakinga watazamaji wasipigwe usoni na kile kisahani cheusi cha mchezo. Za zamani zinatupwa. Nikamwambia Birger asitupe. Nimerudi na kipande kizima juu ya gari, unene wa kidole gumba! Kina alama nyeusi mbili tatu za hoki. Si neno. Wenzangu wana madirisha, mimi nina ngome.

Torkel alipokiona, kikombe chake kiliganda hewani. Nimefurahia jambo hilo njia nzima hadi nyumbani.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimekata madirisha mawili, mazuri, kingo laini. Nimeyapandisha mashuani. Balaa.

Ubavu wa chumba umepinda, na plastiki yangu imenyooka. Haitaki kupinda hata kidogo. Nikikandamiza mbele, nyuma inafyatuka. Nikaweka goti. Ikanirusha, nikashuka ngazi bila kugusa vidato.

Torkel alikuwepo, bila shaka. Akaniinua, akanipangusa vumbi, akaniuliza kama mkwewe anaweza kuja kuiangalia mashua Jumapili ijayo. Nyumbani nikakuta Gunnel ameweka picha za karavani chini ya sahani yangu. Nimekula chakula cha jioni nikiangalia jiko la gesi lenye mafiga mawili. Moyo uliniuma kweli. Kwenye Svanhild ndipo nilipomposa. Siwezi kuposa mtu kwenye karavani, na sasa nimeshachelewa hata kujaribu.

Halafu, nikiwa naosha sahani kwa maji ya moto: plastiki hulainika kwa joto! Na joto la kutosha, nchi hii, mwezi huu, liko wapi?

Sauna ya klabu, kile chumba cha kujitoa jasho kwa moto wa kuni! Jumanne na Alhamisi ni zamu ya wanaume.

Jumanne, 23 Aprili

Naandika kwa furaha.

Nilifika kabla ya watu wote, nikachochea kuni mpaka kipimajoto kikapita mia. Dirisha la kushoto nikalilaza benchi la juu, ncha zote mbili juu ya vipande vya kuni ili katikati kuwe wazi. Juu yake nikatandika taulo, watu wasije wakauliza maswali. Mpango: likilainika, nalikandamiza kwa ndoo ya maji. Nikatoka kwenda ziwani kujaza ndoo.

Kurudi, Torkel amekaa! Mtupu kama alivyozaliwa, juu ya dirisha langu, na uzito wa soseji zote alizokula maishani mwake.

Nilitaka kupiga yowe. Ndipo nikaona. Taulo linashuka. Polepole, kwa madaha, dirisha linapinda. Nikafunga mdomo, nikaketi, nikamuuliza injini yake inaendeleaje. Torkel akianzishwa habari za injini haachi. Alifika kwenye pampu ya mafuta ndipo akashindwa na joto, akatoka mbio kujitosa ziwani.

Nikalinyakua dirisha, nikalimwagia maji likagandia umbo, nikakimbilia mashuani na taulo kiunoni, baridi ikinila magoti. Nikalipachika. Limetosha! Tena limetosha kabisa, hata unywele haupiti!

Nikarudi na la kulia, Torkel ameshaenda zake, nikalikalia mwenyewe. Wapi. Mimi mwepesi mno. Nimeungua tu, naandika nikiwa nimesimama.

Hakuna jinsi. Namhitaji tena Torkel.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemwalika mwenyewe, kwa simu. Bia baridi na soseji za kuchoma. Akasema hakujua kama nina moyo namna hii.

Akaja. Lakini akataka kukaa benchi la chini, eti magoti! Nikamwambia hamna shida, ndugu yangu, benchi la chini ni la wagonjwa na watalii, mtu asione haya. Akapanda juu palepale, tena juu ya taulo lenyewe. Nikarudisha mazungumzo kwenye pampu ya mafuta. Kila alipotaka kushuka nikajifanya sijaelewa, naye akaanza upya. Dirisha likapinda. Alikuwa ameegemea upande mmoja kidogo kwa sababu ya bia, lakini nani atapima?

Alipoondoka alinishika bega. Akaniahidi kwamba Svanhild akifika kwa mkwewe atatunzwa vizuri. Maskini ya Mungu! Alikuwa amekalia kushindwa kwake mwenyewe.

Jumamosi, 27 Aprili

SIKU YANGU.

Kreni ilimwinua Svanhild, akaning'inia juu yetu wote, jua likapiga madirishani. Klabu nzima ikasema aah. Akashuka majini. Hata tone halikuingia. Watu wakaja kugongagonga. Torkel akapitisha kiganja juu ya ule mpindo, akarudia mara ya pili, akasema kazi hii si ya mtu wa kubahatisha, nani amenipindia? Nikamwambia ni mtu mmoja mzito sana. Akaomba jina. Nikasema hapendi kujulikana.

Kisha Gunnel akaingia ndani na kikombe chake. Nikabaki gatini, roho mkononi. Akatazama kushoto. Akanywa kidogo. Akatazama kulia, nilipokuwa mimi. Akaanza kucheka mpaka kahawa ikamwagika.

Nikajua nimekwisha.

Akafungua mlango, akasema dirisha la kulia linavuta na kurefusha vitu. Kupitia pale eti mimi ni mrefu, nina mabega, nafanana na yule kijana aliyemposa kwenye mashua hii. Akaniambia nisiondoke kwanza, nisimame hapohapo. Nikasimama. Upepo, baridi, watu wananipita na kamba zao, mimi nimesimama tu. Sijawahi kufurahi hivi tangu harusi.

Zile picha za karavani amempa Torkel ampelekee mkwewe.

Jumapili, 28 Aprili

Gunnel amejua. Nilitoboa siri nzima usingizini, anasema. Amecheka, kisha ameacha kucheka, akaniapisha juu ya keki ya mdalasini: hakuna hila tena, na mtu yeyote asikalishwe juu ya kitu bila kuambiwa. Nimeapa. Nimeapa kwa dhati kabisa, moyo mweupe.

Saa nzima haijapita, simu. Ragnhild, mwenyekiti wa klabu. Madirisha ya mashua ya doria yameharibika, amesikia sifa za kazi yangu, je, naweza kusaidia? Kumbe nina sifa! Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Aliuliza kama nitataka fundi wa kunisaidia. Fundi wa nini?

Ila yale ni makubwa. Torkel hatoshi.

Nimefikiri sana huku Gunnel akipanga vyombo. Mweka hazina wetu, Sixten, ana mwili hasa, na upweke pia, mtu hamwaliki popote. Nimempigia. Jumanne anakuja sauna. Amefurahi mpaka ameuliza alete soseji ngapi.