Funza Niliowapeleka kwa Tobias

Jumatatu, 3 Juni 1957. Ruiru.

Mnyapara Ephantus ametangaza leo kwenye kiwanda cha kahawa: shamba linatafuta mtu wa kusimamia banda kubwa la kuku. Bwana Shamba wa Thika atakuja tarehe kumi na tano kukagua kuku tunaofuga nyuma ya landhi, vyumba vyetu vya wafanyakazi, achague mtu mmoja. Atakayechaguliwa anapewa nyumba ya vyumba viwili! Mimi nalala chumba kimoja na Philip, na Philip anakoroma. Mke wangu Nakhumicha yuko Kimilili, mwaka wa tatu sasa, anangoja nipate mahali pa kumweka. Basi kazi hii ni yangu. Kizuizi ni jirani yetu Tobias tu. Kuku wake saba wanatembea kama wazee wa kanisa. Ephantus akipita husimama kuwatazama. Kwangu hasimami.

Jumatano, 5 Juni.

Nimegeuza rundo langu la mboji, lile la maganda ya kahawa. Balaa! Funza hawahesabiki. Bapa, rangi ya udongo, ngozi ngumu, wanajipindapinda. Philip alisema hao hawana neno, hata kwao wapo. Philip hajui kitu. Mimi nilifika darasa la sita. Nimeamua ni funza wa ugonjwa.

Nikajiuliza: ugonjwa huu ukae kwa nani? Nikajaza debe. Tobias alipokwenda mazoezi ya kwaya nililimwaga lote nyuma ya banda lake. Nimekula ugali kwa raha.

Jumanne, 11 Juni.

Nimepeleka debe la nne. Rundo langu halina hata mmoja wa wale wabaya.

Lakini kuku wa Tobias hawajafa. Wanachakura kutwa nzima. Wananenepa! Wanang'aa! Mayai matano kwa siku, Philip ameniambia bila kuulizwa. Wivu unaniuma hapa chini ya mbavu, sifichi. Labda ugonjwa wenyewe unakawia.

Kwangu nzi wamezidi. Rundo limepata funza wengine, weupe, wembamba, laini. Hawa nadhani ni wazuri. Weupe ni usafi.

Jumamosi, 15 Juni.

Bwana Shamba alifika kwa baiskeli, akaanza kwangu. Alifukua mboji kwa kijiti, akaniuliza hawa ni nini. Nikajibu kwa sauti, watu wote wasikie: funza safi. Akasema ni mabuu ya nzi wa kawaida, yule anayetoka chooni akatua kwenye chakula. Akafunika pua kwa kitambaa.

Kwa Tobias alipiga magoti. Magoti, na suruali iliyopigwa pasi! Akatuita tujifunze. Tazameni, bapa, kahawia, ngozi ngumu, kichwa kidogo kilichochongoka. Haya ni mabuu ya nzi mweusi mkubwa asiyejali vyakula vya watu. Yanakula uozo, yanawapunguza nzi wa kawaida, na kuku wakiyala wananawiri. Akamwuliza Tobias ameyapataje.

"Sikufanya kitu," Tobias akasema. "Nilikuta yamekuja tu. Ni Mungu."

Mungu! Madebe manne niliyabeba mimi, kwa kichwa changu, shingo inawasha! Nilifungua kinywa niseme ni mimi niliyewaleta. Nikakumbuka niliwaleta kwa nini. Nikafunga kinywa. Kazi amepewa Tobias. Kapera! Vyumba viwili!

Jumapili, 16 Juni.

Baada ya ibada Tobias alinifuata mpaka chini ya mti tunapoegesha baiskeli. Aliuliza habari za nyumbani Kimilili. Nikasema nzuri. Akainama kidogo, kama mtu anayeomba.

"Boaz, ndugu yangu, mimi niko peke yangu. Chumba kimoja kinanitosha. Mlete mama, mkae katika hicho kingine."

Nilimtazama usoni. Hakuwa anacheka. Nikamwona moyoni Nakhumicha akishuka kwenye gari la moshi na kikapu chake. Karibu nimshike Tobias mkono.

Halafu nikamwelewa mjanja huyu. Anataka Nakhumicha afungue mlango kila asubuhi na kuona kuku wake! Aonje mayai yake! Aniulize yetu yako wapi! Nikamwambia asante, nina mipango yangu.

Philip aliposikia aliniita mjinga, akageukia ukutani.

Nimemwandikia Nakhumicha barua. Nimemweleza kwamba nimetafuta kila mahali, lakini Ruiru nzima hakuna mtu mwenye chumba.