Elektroni Wetu wa Pembezoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wasaidizi wangu, wa kwanza, wa pili na anayekaimu. Mama watoto wangu, uliyeipiga pasi suti hii. Viongozi wa meza kuu na wa meza ndogo. Wauguzi wa zahanati hii, na nyinyi kina mama mliopakata watoto tangu asubuhi mkingoja chanjo, ambayo nimeagiza isitolewe mpaka nizindue mradi wa umeme wa friji ya chanjo: itifaki imezingatiwa, na palipokosewa nimejisamehe. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu wananchi, kwa muda mrefu elektroni wetu wa pembezoni wamesahaulika, ndipo idara yangu, kwa fremuweki shirikishi na implementesheni ya kimkakati, ikaja na Kihami cha Kitopolojia, kitu ambacho tumboni kinazuia umeme lakini ukingoni kinaupitisha, na elektroni akikuta kikwazo hageuki, anakizunguka na kusonga mbele, kwa ufanisi wa asilimia mia moja na nne! (Vigelegele. Sauti: "Kwani elektroni ni mtu?") Ni mwananchi, mzee wangu, tena asiyelalamika, na nimeagiza kila mmoja apewe kitambulisho. (Vicheko.)

Naona muuguzi mkuu amesimama. ("Mheshimiwa, friji haijawaka hata siku moja. Chanjo ziko kwenye boksi, na barafu imebaki kiduchu. Ikiyeyuka, zote za kumwaga!") Subira yavuta heri, dada. Friji umeiweka katikati ya chumba, na sayansi inasema katikati hakupiti kitu; isogeze ukingoni! ("Nimeisogeza tangu juzi! Waya wenyewe uko wapi?") Swali zuri sana, ndiyo maana nalipitia pembeni. (Meza kuu inakohoa.)

Pembezoni, juu! Katikati, kimya! (Mtoto analia.)

Kwa kumalizia, namshukuru kipekee mwalimu wa fizikia wa sekondari ya jirani, ambaye karatasi yake ya mtihani ilijichanganya kwenye mafaili yangu, swali la nne, lililohusu kihami hiki, likagongwa muhuri na kupitishwa kuwa mradi, na tulipogundua kwamba ni swali, turubai za sherehe zilikuwa zimeshafungwa. Waya haujawahi kuwepo. Mwalimu anasema wanafunzi wake wote walilikosa, na idara yangu nayo imelikosa, kwa mshikamano. Kina mama, asanteni kwa uvumilivu, na sasa naomba mkasi nikate... Dada, unafanya nini? Sijazindua!

(Muuguzi ameshafungua boksi. "Mama wa kwanza, mlete mtoto. Barafu haijui itifaki.")