Nusu Yangu ya Pikipiki

Jumatatu, 9 Juni

Nimechelewa kazini. Si kosa langu. Naandika tena, nisije nikajitilia shaka kesho nikisoma: si kosa langu!

Niliamka mapema. Nikapiga shati pasi, nikafunga vifungo hadi shingoni, nikatoka uani. Pikipiki haipo. Binamu kaondoka nayo tena! Eti muuza nyama kampigia, friji lake halitoi baridi. Yeye ni fundi friji na anaamini dunia nzima itaoza asipoiwahi.

Mjomba, kabla hajarudi kwenye kazi yake ya mbali, alitamka mbele ya Bibi kwamba pikipiki ni ya sisi wawili, mimi na mwanawe, nusu kwa nusu. Nauliza basi: nusu yangu iko wapi? Ufunguo ni mmoja, na Binamu anauvaa shingoni kwa kamba, kama kengele ya mbuzi. Anaoga nao. Analala nao.

Ofisini, mkuu wetu wa masjala alikuwa amesimama mlangoni. Tunamwita Bi Muhuri, maana akigonga muhuri, chai inamwagika meza ya tatu. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alisema miezi yangu ya majaribio imekwisha. Jumatatu ijayo, saa mbili kamili, kuna kikao cha kunithibitisha kazini au kuniaga, na yeye ndiye mwenye neno. Mwandiko ninao, adabu ninayo, ila miguu yangu, alisema, bado haijaajiriwa. Wenzangu wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa woga.

Jioni nilimwomba Binamu, kistaarabu, tuchonge ufunguo wa akiba. Akaniuliza wa nini, Ofisa, ukiwa na shida si unasema tu? (Ananiita Ofisa. Nachukia.) Bibi akadakia kwamba kwani siku hizi miguu imepigwa marufuku? Niamke nusu saa kabla, nitembee. Nikamweleza kwamba haki ni haki. Akasema haya mume wangu, ivae hiyo haki miguuni tuone kama ina soli.

Nawaza.

Jumanne, 10 Juni

Mpango! Safi, wa kimyakimya, hauumizi mtu.

Binamu alirudi mchana amechoka, akalala kwenye mkeka mdomo wazi, ufunguo kifuani. Nilitoka ofisini nikamkuta hivyo. Nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia ya Bibi, kibichi bado, nikapiga magoti. Ufunguo ulipanda na kushuka kwa pumzi zake mpaka nikaogopa sabuni itapata alama za funguo tatu. Nikaubandika upande mmoja, nikageuza, upande wa pili. Binamu akatamka usingizini neno kuhusu gesi. Nusura nizimie.

Nikapeleka sabuni kwa fundi wa funguo, yule mwenye kibanda cha bati pembeni mwa duka la rangi. Anajiita Daktari. Amejiandika hivyo mlangoni, kwa rangi nyekundu. Aliitazama sabuni, akanitazama, akauliza kama nimekuja kuchonga ufunguo au kufua. Wateja wawili wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alichonga, na nikalipa. Kiasi sitaki hata kukiandika.

Nilirudi mbio. Binamu bado anakoroma. Nikauchomeka. Ukaingia! Ukazunguka! Taa zikawaka! Nikabonyeza kiwashio. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Kwenye dashibodi kuna kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo. Kinawaka, kinazima, kinawaka. Pikipiki inanikonyeza!

Bibi anatafuta sabuni yake nyumba nzima. Nimemsaidia kutafuta.

Jumatano, 11 Juni

Kazini niliwahi, kwa miguu. Vidole viwili vina malengelenge. Hasira ziko palepale.

Nikarudi kwa Daktari kudai haki yangu. Alicheka hadi akashika meza. Akasema alidhani ni ufunguo wa kabati, mimi sikumwambia ni wa pikipiki. (Kweli sikumwambia. Nilikuwa nachukua tahadhari.) Akaeleza kwamba alichochonga ni mwili, roho haimo. Ndani ya plastiki ya ufunguo wa asili kuna chipu. Ukiuchomeka, pikipiki inauliza wewe nani, na chipu inajibu. Wa kwangu unaulizwa, unanyamaza kama bubu. Dawa ni kupeleka pikipiki yenyewe kwake, achonge mwingine wenye chipu, kisha mashine yake iifundishe pikipiki kuutambua ufunguo mpya.

Halafu akaongeza kitu. Nije na funguo zote, usibaki hata mmoja nyumbani. Mashine yake ikifundisha, inafuta kwanza ya zamani yote. Ufunguo ambao haupo mezani wakati huo unasahauliwa.

Nikauliza, unasahauliwa kabisa?

Akasema hata uwe wa mfalme.

Nilitembea hadi nyumbani bila kuhisi malengelenge. Bibi aliniona natabasamu peke yangu, akataka kujua msichana ni wa nani na wazazi wake wanaishi wapi.

Alhamisi, 12 Juni

Siku kuu! Naandika polepole nisisahau kitu.

Nilitoka kazini, nikamwambia Binamu kwamba nataka kumwoshea pikipiki. Akaniwekea kiganja kipajini kupima homa. Akasema Ofisa, leo umeanguka kitandani kwa kichwa? Lakini uvivu ulimshinda. Akaivua kamba shingoni, akanirushia. Mimi huyo!

Sasa, tahadhari. Nilishapanga kumwambia Daktari kwamba ufunguo wa asili umepotea. Lakini mtu aliyepoteza ufunguo afikeje na pikipiki inanguruma? Hapo ndipo elimu inapofaa. Nilizima kwenye kituo cha mafuta, nikaficha ufunguo wa Binamu ndani ya soksi, nikaanza kusukuma. Sikujua kuna mlima. Jamaa mmoja akaniuliza kama mafuta yameniishia, na kama ndivyo, mbona kituo nimekiacha nyuma? Nikamwambia nafanya mazoezi.

Nilifika nimelowa. Daktari akauliza pikipiki ya nani. Nikasema yangu. (Nusu ya sentensi hiyo ni kweli.) Akauliza mara mbili kama hakuna ufunguo mwingine popote. Nikaapa. Ufunguo ukanichoma kisigino.

Akachonga ufunguo mwingine, huu wenye chipu, akang'oa kiti, akachomeka waya, akabonyezabonyeza kimashine chake huku akijisifu kwamba mji mzima mwenye kifaa hicho ni yeye tu. Akaniambia bila ufunguo wa zamani kazi ni ndefu, nikalie debe. Nikakaa. Mwishowe kitaa chekundu kikawaka, kikatulia, kikazimika. Akabonyeza. Ikanguruma! Kwa ufunguo WANGU!

Kwenye kona nikasimama, nikajaribu ule wa Binamu. Kimya. Kitaa kinakonyeza. Nilicheka kwa sauti hadi mama mmoja akavuka barabara.

Nimeiosha kweli, nimeifuta, nimemrudishia Binamu ufunguo wake na kamba yake. Akanishukuru. Kesho ataujua utamu wa kutembea.

Ningeweza kumwachia nusu yake? Ningeweza. Kwani yeye aliniachia yangu?

Ijumaa, 13 Juni

Laana! Laana ya kila aina!

Asubuhi nilikaa dirishani nimevaa, nimechana nywele, ufunguo mfukoni. Binamu akauchomeka wake. Kimya. Akajaribu tena. Akalipiga tangi kofi. Mpango ulikuwa wazi: atakata tamaa, atabeba kisanduku chake cha vifaa, ataondoka kwa miguu huku analaani. Mimi natoka, nawasha, naenda.

Hakuondoka! Nilisahau yule ni fundi. Kwake, kitu kikigoma kinafunguliwa. Akatandika mkeka wa Bibi uani, akaanza. Plagi. Kiti. Betri. Tangi! Dakika chache, nusu yangu ya pikipiki ilikuwa vipande kwenye mkeka, na nusu yake pia. Akaniita nimshikie bisibisi. Nikamshikia! Ningesema nini? Nikimwambia tatizo ni nini, atauliza nimejuaje.

Nilikimbia hadi ofisini. Kukimbia kwa viatu vya ngozi, na malengelenge yale. Bi Muhuri alikuwa anashika kitasa cha mlango nilipopenya chini ya kwapa lake. Akauliza karani, nani anakufukuza? Akasema hii ameimeza kwa sababu ni Ijumaa. Ya Jumatatu haimezeki. Kikao hakitanisubiri. Pale mezani kuna barua mbili tayari zimechapwa, moja ya kunithibitisha na moja ya kuniaga, na atagonga muhuri kwenye mojawapo.

Siku nzima nilihifadhi mafaili mahali pasipo pake.

Jioni, nakaribia nyumbani, nasikia mngurumo. Binamu anazunguka uani, anapiga honi, Bibi anampigia makofi! Eti aliiunganisha, ikagoma bado, akaisukuma kwa bingwa mmoja anayeitwa Daktari. Daktari kasema ufunguo umesahauliwa, akaufundisha upya. Akamuuliza kama kuna mwingine. Binamu kasema ni huu tu.

Walipokuwa wanakula nikatoka uani, nikauchomeka wangu. Kitaa. Kinakonyeza. Niliupiga mlingoti wa kamba ya nguo teke, kwa mguu wenye malengelenge.

Jumamosi, 14 Juni

Nilikwenda kwa Daktari na hasira zangu zote. Safari hii sikuogopa wateja, maana hawakuwepo. Nikamwambia yeye ni tapeli na msaliti, anakula huku na huku. Akajibu kwa utulivu kwamba vijana wawili wamemletea pikipiki moja, kila mmoja akaapa ufunguo wake ni wa pekee, yeye afanyeje, aague? Nikasema sawa. Aifundishe tena wangu, na ule wa Binamu ausahaulishe kama juzi, na asitamke neno kwa yule fundi friji mshamba ambaye hata jina lake anaandika kwa shida.

Nyuma ya kaunta kuna kijifriji cha soda. Nyuma ya kijifriji akainuka Binamu, bisibisi mdomoni.

Alikuwa anamtengenezea Daktari friji, ndiyo malipo ya kazi ya jana! Alisikia kila kitu. Aliitoa bisibisi mdomoni, akaifuta, akairudisha kwenye kisanduku. Ningependa zaidi anipige.

Nyumbani ilikuwa mahakama. Binamu akasema hadharani kwamba angeuliza tu, angejibiwa. Nikasema niliuliza! Akasema niliuliza siku moja, tena kwa sauti ya barua ya serikali. Bibi akauliza sabuni ilikwenda wapi. Nikasema. Akasema nilikupeleka shule kwa mikono hii, kumbe nilikuwa nanoa kisu cha kukatia mkeka wangu mwenyewe.

Sikula.

Jumapili, 15 Juni

Hukumu imetoka. Bibi kaamua funguo ziwe tatu: wangu, wa Binamu, na mmoja atakaoufunga yeye kwenye upindo wa kanga, ili mwenye kiburi apokonywe wake. Zote tatu ziwekwe mezani kwa Daktari siku moja, zifundishwe pamoja, mambo yaishe.

Kisha Binamu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akaivua kamba shingoni. Akasema kesho ni kikao chako, ndugu yangu, chukua pikipiki kutwa nzima, mimi nitakwenda kwa wateja kwa miguu. Ukitoka kazini jioni, upitie kwa Daktari na funguo zote, wewe ndiye msomi, utasimamia. Hakuniita Ofisa. Bibi akasema umeona, mume wangu? Akanipa nyama kubwa. Macho yalinilenga machozi, nakiri.

Kwa hiyo kila kitu kiko kwangu. Pikipiki iko uani. Ufunguo wa Binamu, unaowasha, uko mkononi. Ofisi ni saa mbili kamili. Nikiondoka saa moja na nusu, nafika nimekaa, napepea jasho la wengine.

Nimefikiri kwa makini sana, kama ninavyofikiri siku zote.

Jioni ni hatari. Jioni Binamu anaweza kughairi. Anaweza hata kuja mwenyewe kwa Daktari, asimame pale na bisibisi yake, ahesabu funguo. Asubuhi hayupo mtu. Asubuhi naweza kuweka mezani ule wangu peke yake. Wa Binamu, nikishafika nao, nitautia tena ndani ya soksi, niseme nimeusahau nyumbani kwa bahati mbaya. Bibi nitampa ule wa sabuni, mwili bila roho. Yeye hapandi pikipiki, atajuaje? Utakaa vizuri tu kwenye kanga.

Tatizo moja dogo. Daktari anafungua saa mbili.

Lakini nimelitatua pia. Nitachelewa kidogo, mara hii ya mwisho, ili nisichelewe tena maisha yangu yote. Bi Muhuri ni mtu mwenye akili. Nitamweleza kwamba lilikuwa suala la usafiri. Ataelewa.

Nimeshapiga shati pasi.