Vifungo Tisini na Sita Vilivyogandishwa Ukutani

Kwako Mwalimu Mkuu,

Jumatatu ya wiki iliyopita, kabla ya kengele ya kwanza, nilipoteza vifungo tisini na sita. Sikuibiwa na mwizi. Ningeibiwa na mwizi nisingekusumbua wewe. Vilitoka kwenye kopo langu, vikapita mtaani ndani ya mkoba wa binti yangu, vikaingia darasa la pili, na huko vikabandikwa kwa gundi kwenye karatasi ngumu. Shuleni kwako jambo hilo linaitwa kujifunza hesabu kwa vitendo. Kwangu linaitwa kufungiwa kazi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza na sindano ya kuazima kwenye kibaraza cha mtu, leo nina vyerehani vitatu, na viwili kati ya hivyo vinashona. Shule sikuimaliza, lakini hesabu hainipigi chenga. Kwa hiyo nayapanga malalamiko yangu kwa namba, asije mtu akasema fundi kaandika kwa hasira. Hasira ipo, ila imepangwa.

1. Kuhusu zoezi lenyewe. Mwalimu wa darasa la pili aliwaambia watoto wachague kitu kimoja cha nyumbani, wakihesabu kwa siku saba, kisha waonyeshe hesabu yao kwa vitu vya kushikika. Sina ugomvi na hilo. Mtoto wa kinyozi alihesabu vipara. Mtoto wa fundi viatu, jirani yangu wa mlango wa pili, alihesabu paka. Wangu alikaa wiki nzima chini ya meza ya kukatia, kimya, na kipande cha chaki. Nikamwambia mama yake, "Mtoto wetu ametulia siku hizi, ana akili huyu." Kumbe alikuwa ananihesabu mimi.

2. Kuhusu kichwa cha chati. Kimeandikwa kwa rangi tano: MARA AMBAZO BABA AMESEMA BADO VIFUNGO TU. Kifungo kimoja ni mara moja. Jumatatu tisa, Jumanne kumi na moja, Jumatano nane, Alhamisi kumi na nne, Ijumaa kumi na saba, Jumamosi ishirini na tatu, Jumapili hakuna. Jumla themanini na mbili. Mwalimu Mkuu, hayo ni maneno ya kazi, kila fundi anayo. Mteja akiulizia nguo yake huwezi kumwambia kwamba kitambaa bado kimo kwenye mfuko ule ule aliokuja nao. Utamvunja moyo bure. Unamwambia bado vifungo tu. Yeye anaondoka na matumaini, wewe unabaki na kitambaa, na amani inakuwepo.

3. Kuhusu usahihi. Themanini na mbili si kweli, na nashangaa shule inatundika takwimu bila kumhoji mhusika. Jumamosi kuna mteja mmoja mzito wa kusikia nilimwambia mara mbili. Ile ya pili ni marudio, haihesabiwi. Siku ya Alhamisi, mara moja nilisema hivyo nikiwa nimesinzia juu ya cherehani. Na Ijumaa nilimwambia mtu aliyekosea mlango, aliyekuwa anatafuta kiatu chake kwa jirani. Kiatu hakina vifungo, kwa hiyo ule haukuwa uongo, ulikuwa mazoea. Idadi sahihi ni sabini na tisa. Naomba isahihishwe.

4. Kuhusu vifungo kumi na vinne vilivyobaki. Vimekuwa macho ya wanyama saba wa karatasi. Mmoja wao ni samaki aliyechorwa kwa ubavu, ambaye kwa haki anastahili jicho moja. Amepewa mawili.

5. Kuhusu mahali ilipotundikwa. Chati iko karibu na mlango, na Jumamosi hii iliyopita ilikuwa siku ya wazazi. Waliingia wazazi arobaini, thelathini na mmoja ni wateja wangu. Mama mkwe wangu naye alikuja kumwona mjukuu wake. Ana gauni kwangu. Alisimama mbele ya chati dakika nne nzima, akifuata safu kwa kidole, alipofika mwisho akasema kwa sauti ya kusikika hadi uwanjani, "Afadhali Jumapili, ulimi wa mkwe wangu nao hupumzika." Wazazi walicheka. Mke wangu alicheka. Nilimtazama mwalimu, naye alikuwa amegeukia ubao kwa muda mrefu kuliko ubao ulivyohitaji.

6. Sasa ndiyo naomba usome taratibu. Kwa miaka kumi na tisa nimesema bado vifungo tu, na watu wameniamini. Wiki hii, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, ni kweli. Mashati manne, vifungo sita kila moja, ishirini na nne. Gauni la mama mkwe, kumi na viwili mgongoni. Vizibao kumi na viwili vya darasa la pili, vitano kila kimoja, sitini. Jumla tisini na sita, na vyote viko ukutani kwako. Nikamwambia mkunga, mwenye shati moja kati ya yale manne, "Dada, safari hii kweli, bado vifungo tu." Akashika mlango asianguke kwa kicheko, akawaita waliokuwa nje: "Jamani njooni, kalisema tena! Andikeni themanini na tatu!" Nyinyi mmenichukulia vifungo na ukweli wangu kwa pamoja.

7. Kuhusu gundi. Jana nilifika darasani na wembe. Kifungo cha kwanza kilitoka na karatasi, cha pili hakikutoka kabisa, na wembe ukakatika. Mwalimu akaniambia kwa upole, "Baba, hiyo ni kazi ya mwanafunzi, imeshapewa alama." Kumi kwa kumi. Kwa alama sina neno. Hata mimi ningempa hizo hizo. Lakini kama watoto wa miaka saba wanaweza kupika gundi ya namna hiyo, wanangoja nini darasani?

8. Kuhusu vizibao. Hili ndilo linaloniumiza. Keshokutwa Ijumaa, siku ya kufunga shule, watoto kumi na wawili wataimba mbele ya wageni, na binti yangu ndiye anayesimama mbele. Ameshawaambia wenzake kwamba vizibao anashona baba yake. Zamani alikuwa akitoka shule ananiuliza, "Baba, tayari?" Siku hizi haulizi. Anaingia, anaokota chaki, anakaa chini ya meza.

Kwa hayo yote, napendekeza mambo matatu. Mosi, kuanzia muhula ujao watoto wahesabu vitu visivyosema: mawe, madirisha, ndoo. Pili, ubandikwe waraka mlangoni kuwaeleza wazazi kwamba sabini na tisa kwa wiki ni kiwango cha kawaida cha fundi mwenye bidii. Tatu, kwa kuwa vifungo havibanduki, chati yenyewe pamoja na wale wanyama ikatwe vipande kumi na viwili, nami nitashonea kila mtoto kipande chake kifuani. Kama vifungo haviwezi kuvifuata vizibao, vizibao vitavifuata vifungo. Nimeshapima, vinatosha, ingawa mtoto mmoja atalazimika kuvaa samaki.

Nakutakia afya na subira. Nisalimie mwalimu wa darasa la pili, mkono wake ni mzuri na uendelee, lakini kwa watoto wa wengine. Msalimie mlinzi wa lango, mwambie suruali yake naikumbuka. Wasalimie wapishi, mfagiaji, na watoto wote, hasa wale waliohesabu paka.

Ni mimi mzazi wako mtiifu,
Fundi Cherehani, baba wa yule mwenye chaki.

Nyongeza: Nilipokuwa naikunja barua hii, binti yangu ametoka chini ya meza na kunionyesha mchoro wa vizibao ambao mwalimu wake alitukabidhi mwezi uliopita. Ulikuwa chini ya pasi. Vizibao viko wazi mbele. Havina vifungo, hata kimoja. Kisha amevihesabu: vilivyokwisha ni viwili, kumi bado ni vitambaa. Shati la mkunga nalo halijakatwa, na gauni la mama mkwe lina zipu. Kizibao kimoja ni dakika hamsini. Kumi ni saa nane na dakika ishirini, na kesho yote nimeshaiahidi kwa watu sita, kwa hiyo imebaki Ijumaa kuanzia saa kumi alfajiri. Nimemweleza binti yangu hali ilivyo. Amesema hakuna shida, yuko tayari kusimama bila kizibao. Mimi siko tayari. Kwa hiyo yaache yote niliyoandika juu, unijibu hili moja: siku ya Ijumaa, kikundi chao kinaweza kuimba mwisho, saa saba mchana, badala ya saa tatu asubuhi? Ndiyo au hapana, kwa maandishi, kabla ya kesho Alhamisi saa sita kamili mchana.