Ombi la Kurudishiwa "Bado Kidogo"

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu zangu za heshima zikufikie hapo ghorofa ya tatu. Mimi niko huku chini, nimesimama. Nitaeleza kwa nini.

Mimi ndiye Mratibu Mkuu wa Miradi wa Idara hii ya Maji, mwaka wa ishirini na tisa sasa. Unaikumbuka ratiba yangu ya mradi wa kupokea taarifa za mabomba yaliyopasuka: inaanzia mlangoni, inapita ukuta mzima, inakata kona. Awamu ya tano iko nyuma ya kabati, na kwa miaka minne hakuna aliyekuwa na haraka ya kulisogeza kabati. Tuliishi vizuri. Kisha ukatuletea yule binti mtaalamu na utaratibu wake wa ajaili, neno la Kiingereza la kufanya kazi upesi, kipande kwa kipande. Mara ya kwanza nilisikia ajali, nikauliza nani kaumia. Leo najua ni mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kusimama. Kila asubuhi tunasimama robo saa mbele ya ubao, viti vimeondolewa kusudi. Kila mtu anajibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, na nini kimekukwamisha. Siku ya kwanza nilijibu kwamba jana nilikuwa nafuatilia. Binti akaniuliza, kwa adabu kabisa, baba, ulikuwa unafuatilia nini. Ndugu Mkurugenzi, swali hilo sijaulizwa tangu niajiriwe. Ilipofika zamu ya fundi wa kompyuta akasema kilichomkwamisha ni saini yangu. Fomu yake tuliikuta kwenye droo yangu, chini ya mwavuli.

2. Vikaratasi. Kila kazi imeandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa ubaoni, chini ya Bado, Inafanyika au Tayari. Kisiposogea, kinatiwa nukta moja kila siku. Changu kilikaa kwenye Inafanyika siku kumi na tisa, kikawa kama mtoto mwenye surua. Mama wa usafi kila akipita na fagio ananiuliza mgonjwa wangu anaendeleaje.

3. Neno "bado kidogo" limepigwa marufuku. Walipiga kura, na mimi, kwa kutosikiliza vizuri, nilinyoosha mkono. Sasa kazi ama imekwisha ama haijakwisha. Hili limeniumiza, maana neno hilo ndilo lililoubeba mradi huu miaka yote minne. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinikuta kwenye ngazi, unauliza tumefikia wapi, nakujibu bado kidogo, unasema haya, kila mmoja anakwenda zake roho kwatu. Baya zaidi, niliisimulia habari hii nyumbani nikitafuta huruma. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akabandika kikaratasi kwenye mlango wa jikoni, ambao bawaba yake nimeahidi kuitengeneza tangu kitinda mimba wetu hajaanza kutembea. Kitinda mimba huyo sasa ni mwalimu. Ndiye anayetia nukta.

4. Kuwaonyesha watu kazi mbichi. Kila wiki mbili anaitwa mtumiaji aijaribu kazi jinsi ilivyo, haina hata jalada. Aliitwa mama anayekaa dirisha la malalamiko. Aliisoma fomu niliyoitunga mimi, maswali arobaini na moja, kila swali na kikao chake, akauliza kama ni lazima mtu ambaye chumba chake kinajaa maji aeleze kwanza kipenyo cha bomba. Wakabakiza maswali matatu: wapi, tangu lini, na namba ya simu. Miezi kumi na minne ya maisha yangu ilifutwa kabla ya chai ya saa nne. Nilikwenda chooni nikakaa huko kidogo.

5. Hili ndilo kubwa, nimelisukuma mwisho kwa aibu. Kwa ratiba yangu, mradi ungekamilika mwaka mmoja na nusu baada ya mimi kustaafu. Niliupanga hivyo makusudi, ili mtakaobaki mseme yule mzee aliacha kazi kubwa. Sasa wananiambia utafunguliwa wiki hii, na mimi nimebakiza miezi saba. Maana yake utafanya kazi nikiwepo. Watu wataona kwamba jambo la miaka minne limechukua wiki sita, kisha watageuka waniangalie mimi. Nitaagwaje? Nani atasimama kwenye hafla yangu aseme nilifanya nini hapa miaka ishirini na tisa? Hilo ndilo linaloninyima raha, hayo ya viti ni maneno tu.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: viti virudishwe, "bado kidogo" iruhusiwe walau kwa watumishi waliovuka miaka hamsini na tano, na mradi ucheleweshwe miezi saba, mpaka nitoke getini salama. Binti akihitaji mtu wa kumfundisha kuchelewesha, nipo, na nina nafasi ya kutosha.

Unisalimie katibu muhtasi wako, dereva, na mhasibu wa meza ya pili ambaye bado ana kiti. Mama wa usafi anakusalimu pia, amesoma barua hii juu ya bega langu.

Ni mimi, mtumishi wako mwenye miguu inayouma,
Mratibu Mkuu wa Miradi

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha ya barua hii mama wa dirishani aliponiita nimsaidie, maana mfumo umefunguliwa leo na foleni ilimzidi. Akaja bibi mmoja, gauni limelowa mpaka magotini. Nikamuuliza maswali matatu, nikaandika. Mafundi wa bomba waliondoka kwenda kwake kabla sijamaliza kumwonyesha bibi njia ya kutokea. Saa tisa akarudi. Nilijiandaa kutukanwa, nimezoea. Kumbe alikuwa anamtafuta aliyemwandikia. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema maji yameacha kuingia na mjukuu wake amelala pakavu. Ndugu Mkurugenzi, miaka ishirini na tisa hakuna mtu aliyewahi kurudi kunishukuru, kwa sababu hakukuwa na cha kushukuru. Mradi usiucheleweshe hata siku moja. Kama ni lazima kitu kicheleweshwe, naomba kiwe kustaafu kwangu.