Hita ya Mbagala Yapata Kamati

Wananchi wa Mbagala wana kila sababu ya kutembea kifua mbele: wamepatiwa Kamati Maalumu ya Kuongeza Ufanisi wa Joto katika Mtandao wa Gesi Asilia. Joto lenyewe walikuwa nalo tangu enzi za mababu. Kilichokosekana ni kamati.

Jabiri, fundi wa kituo cha kupunguza presha ya gesi, aliwapokea wajumbe wa kamati saa saba mchana. Gesi ikishushwa presha hupoa, kwa hiyo kituo kina hita, inayochoma gesi ili kuipasha gesi. Mwongozo, uliotoka nchi ya theluji, unataka iwake mwaka mzima. Jabiri yeye hutazama kipimajoto, na kuiwasha siku inapohitajika tu.

"Hita imetumia kiasi gani mwezi uliopita?" aliuliza Mkurugenzi Adelard, mwenyekiti wa kamati, ndani ya suti ya vipande vitatu.

"Karibu na sifuri, mzee."

"Sifuri!" Mkurugenzi alihuzunika kweli. "Sasa sie tupunguze nini? Tuna lengo la asilimia thelathini!"

"Si imeshapungua, bosi?"

"Imepungua kienyeji. Bila kikao! Washa, weka mwisho kabisa."

Jabiri akawasha. Palepale Mkurugenzi akasaini waraka: kuanzia sasa, atakayezima hita bila kibali cha maandishi amesimamishwa kazi dakika hiyohiyo, cheo chochote alichonacho. Jabiri akawawaza wanawe wanne, akasogea mbali na hita.

Kikao kilifanyika humohumo kwenye chumba cha hita, mlango umefungwa, maana ajenda ilikuwa ya siri. Ajenda ya kwanza haijaisha, tai ikalegezwa. Ya pili, koti likavuliwa. Raudha, katibu, aliandika yote. Aliagizwa asiache neno.

"Jamani, mbona tunaokwa? Zima hili dude!" Mkurugenzi alilalama.

"Kibali, mzee?" Jabiri aliuliza kwa adabu.

"Kibali gani? Hebu nipishe!"

Mkurugenzi akaizima kwa mkono wake. Wajumbe wakapiga makofi.

"Saa nane na dakika kumi, Mkurugenzi amezima hita," Raudha alisoma huku akiandika. "Naomba namba ya kibali, mzee, niijaze."

Makofi yakakatika.

"Raudha, mwanangu, futa hiyo."

"Muhtasari haufutwi bila idhini ya mwenyekiti, mzee."

"Mwenyekiti si ndiye mie!"

Raudha akatazama saa. "Ulikuwa, mzee. Mpaka saa nane na dakika kumi."

Jabiri akamfungulia mlango, kwa heshima zote.

"Pita nje upunge upepo, mzee," akasema. "Huo hauhitaji kibali."